Chumba cha Mraba cha Mwalimu Kemuma

Sponji ya kwanza ilibanduka na rangi ya ukuta. Ya pili ikaja na kipande cha plasta kikubwa kama kiganja. Kufikia ya tano, Mwalimu Kemuma alikuwa ameweka kisu kando na anazing'oa kwa mikono, amesimama juu ya stuli na miaka yake sitini na moja, na kila aliyoing'oa aliitupa nje kupitia mlango uliokuwa wazi. Zilianguka kwenye nyasi bila kishindo, nyepesi kama mkate. Wepesi huo ndio uliomuudhi zaidi. Zilikuwa nane, nyeusi, zimechongwa pembetatu ili zikae vizuri kwenye kona, na mtu aliyemuuzia alikuwa ameziita mitego ya besi, yaani ya kunasa sauti nene. Miezi mitatu zilikuwa zimekaa pale juu bila kunasa chochote.

Kemuma alifundisha fizikia katika shule za wasichana za Nyamira kwa miaka thelathini na mmoja. Waliopita mikononi mwake wanamkumbuka kwa kamba aliyokuwa akiifunga kwenye kitasa cha mlango wa darasa na kuitikisa mpaka mawimbi yasimame wazi, kila msichana ayaone kwa macho yake. Wanakumbuka pia kwamba hakuvumilia jibu lisilo na sababu. Shule zikifungwa, alibeba mashine yake ya kurekodi akazunguka vijijini kutafuta wapigaji wa obokano, kinubi kikubwa cha Wakisii chenye nyuzi nane, ambacho uzi wake mnene ukiguswa hunguruma mpaka unausikia kifuani. Wengi wa wapigaji hao walikuwa wazee, nao walikuwa wanaisha. Alipostaafu na kurudi nyumbani kwake Sironga, alikuwa na rekodi za watu kumi na tisa, na kumi na sita kati yao walikuwa wameshazikwa.

Kazi aliyojipa baada ya kustaafu ilikuwa kuandika kila wimbo daftarini, uzi kwa uzi, pigo kwa pigo, ili atakayetaka kujifunza asihitaji kumfufua mtu. Alijenga chumba kidogo kando ya nyumba, mita tatu kwa mita tatu, kuta za matofali, dirisha moja linalotazama majani chai ya jirani. Akaweka spika mbili nzuri alizoagiza Nairobi, kiti kimoja na meza. Vipaza sauti vya kuvaa masikioni alikuwa amevijaribu akaviacha, maana humo uzi mnene ulisikika mwembamba kama mbu.

Shida ilianza wiki ya kwanza. Uzi mnene ulipopigwa, chumba chote kilivimba. Sauti ilijaa, ikakaa, ikakataa kuondoka, na nyuzi nyingine saba zikazama chini yake kama mawe kwenye mto wenye mafuriko. Aliusikia uzi huo ukinguruma wimbo mzima bila kupumua, na hivyo ndivyo alivyouandika daftarini: pigo refu, mfululizo. Lakini nyuzi nyingine hakuweza kuzitenganisha vizuri, na hilo lilimnyima raha.

Alivumilia miezi mingi, ndipo akaenda Kisii mjini kwa Gibson, mwenye duka la vifaa vya studio. Gibson alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mchangamfu, mwenye maneno laini. Alikuja mwenyewe hadi Sironga na gari lake, akasimama katikati ya chumba akapiga makofi, akatikisa kichwa kama daktari aliyeona ugonjwa anaoujua. Akabandika sponji nane kwenye kona. Akasukuma kiti cha Kemuma mpaka kikagusa ukuta wa nyuma, akisema chumba kidogo hakitaki kiti kikae katikati ya njia. Kisha akapiga makofi tena. Kweli, ile sauti kali ya makofi iliyokuwa ikirukaruka ukutani haikuwepo.

“Umesikia, Mama?” akauliza.

Kemuma alisikia, akashukuru, akamwandalia chai. Baadaye jambo hilo la chai ndilo lililomchoma, kwamba alimkaribisha mezani.

Maana jioni ile ile aliweka wimbo wa mzee Ogari, aliyekuwa mpigaji stadi kuliko wote aliowarekodi, na uzi mnene ukavimba kama jana. Zaidi ya jana, alipokaa pale ukutani. Akangoja wiki mbili akidhani labda gundi inahitaji kukauka, wazo ambalo mwanafunzi wa kidato cha pili angelicheka. Alipompigia Gibson simu, Gibson alimwambia kwamba mitego inahitaji muda, kisha kwamba spika huenda zina kasoro. Alipomfuata dukani, palikuwa na wateja wawili, na mbele yao Gibson akamwambia kwa upole sana kwamba mambo haya ni ya kiufundi, na kwamba katika umri wake pengine ni vyema akapime masikio.

Kemuma alichukua mkoba wake. Alitoka dukani akashuka ile barabara yenye maduka ya simu huku uso ukimwaka. Nyumbani alimsimulia mdogo wake Nyangau, mwenye boma la pili kutoka kwake na mzee wa kanisa. Alitegemea Nyangau akasirike pamoja naye. Nyangau alikuna kidevu akasema, “Lakini dada, hata mimi siku hizi naona unaongeza sana sauti ya redio.”

Basi akaenda kupima masikio. Alikwenda akiwa na hasira na kila mtu, na chini ya hasira palikuwa na woga, kwa sababu kama masikio yake yalikuwa yameharibika, basi madaftari yote hayakuwa na maana. Mpimaji, dada mmoja aitwaye Purity, alimfungia kwenye kijumba kisicho na mwangwi akamchezea sauti nyembamba na nene kwa zamu. Mwishoni akamwonyesha karatasi. Zile sauti nyembamba kabisa zilikuwa zimepungua kidogo, kama ilivyo kwa watu wa umri wake. Zile nene, Purity alisema, alizisikia zote.

Mtu mwingine angefurahi. Kemuma alikaa kwenye benchi nje ya kliniki, mkoba magotini. Hakumkasirikia Gibson sana wakati huo. Alijikasirikia mwenyewe. Wiki tano alikuwa ameamini neno la muuza sponji kuhusu mwili wake, na hakuwahi hata mara moja kukaa chini na kalamu.

Siku ile ile alikaa chini na kalamu. Alipakua kwenye simu programu ya kutoa sauti moja moja, kuanzia mizunguko arobaini kwa sekunde hadi mia na ishirini, na nyingine ya kupima ukubwa wa sauti. Aliweka simu pale kichwa chake kinapokaa, akapitia sauti zote, akichora nukta kwa kalamu ya buluu kwenye karatasi ya grafu. Kwenye mizunguko hamsini na saba nukta zilipanda kama mlima wa Manga. Hapo ndipo ulipokuwa uzi mnene wa Ogari. Wimbi la sauti hiyo lina urefu wa mita sita, na nusu yake ni mita tatu, yaani kutoka ukuta mmoja wa chumba chake hadi wa pili, kamili. Na kwa kuwa chumba kilikuwa mraba, likaingia kamili pande zote mbili, likarudi na kujirundika juu yake lenyewe. Alikuwa amejenga, kwa matofali yake mwenyewe, ile kamba ya kitasani.

Na Gibson alikuwa amejaribu kulizuia wimbi la mita sita kwa sponji isiyozidi upana wa kiganja. Kemuma alikuwa amesahihisha mitihani ya mawimbi miaka thelathini na mmoja, na bado alikuwa amelipia kitu hicho.

Hapo ndipo alipozing'oa. Alipomaliza kuzitupa nje alipima tena, akachora kwa kalamu nyekundu juu ya ile ya buluu. Mistari miwili ililaliana. Kwa sauti nene, sponji nane zile ziwepo zisiwepo, chumba kilikuwa kile kile.

Kuanzia siku hiyo alifanya kazi kwa hasira, na hasira ilimpa nguvu za kijana. Mwanafunzi wake wa zamani anayetunza boila katika kiwanda cha majani chai alimweleza kuhusu sufi ya mawe, ile inayofungwa kwenye mabomba ya mvuke, nzito na ya kuwasha, na akamwelekeza kwa mfanyabiashara wa Kisumu. Mabunda yakaletwa kwa lori hadi Keroka. Hapo Keroka alihitaji kitambaa cha kufunikia. Alipoingia duka la vitambaa la Hawo na kuanza kueleza kwa tahadhari, akitegemea kuambiwa kwamba hayo ni ya kiufundi, Hawo alimsikiliza mpaka mwisho, akavuta majora matatu, akaweka kila moja mdomoni na kupuliza. Kitambaa ambacho pumzi ilipita bila kukwama ndicho alichokata. “Kama pumzi inapita, sauti nayo inapita,” alisema, akakunja. Kemuma alitamani kumkumbatia.

Abner, seremala wa Kebirigo, alitengeneza fremu. Alilalamika tangu mwanzo hadi mwisho kwamba yeye ni mtu wa makabati na vitanda, na kwamba vumbi la ile sufi linamwasha hadi shingoni ingawa wote wawili walikuwa wamefunga pua na kuvaa glavu. Kemuma alimfanya azisogeze fremu zile kama samani za bibi harusi asiyeridhika. Kwanza ziliegemezwa kwenye ukuta, bapa, akapima, mlima ulipungua kidogo tu. Kisha zikawekwa kukingama kona, pakabaki nafasi ya hewa nyuma yake. Mlima ukashuka zaidi. Kisha nafasi ile ya nyuma ikajazwa sufi kutoka sakafuni hadi darini, kona zote nne. Safari hii kalamu yake ya kijani ilipita chini sana ya ile nyekundu, na sauti ilipozimwa, mngurumo haukukaa tena chumbani ukizungukazunguka. Ulikufa.

Jambo moja tu lilimrudishia hasira. Katika kupima alisogeza kiti mita moja kutoka ukutani, ili Abner apite. Akapima pale pia, kwa ukamilifu tu. Mlima ulikuwa umeshuka tena, karibu sawa na ulivyoshushwa na sufi yote ile. Mita moja ya kusogeza kiti. Gibson ndiye aliyekisukuma ukutani, mahali ambapo wimbi hilo hurundikana kuliko popote.

Wiki hiyo Nyangau alipita kumwambia habari njema. Kamati ya kanisa ilikuwa imekubaliana kutengeneza ukumbi wa kwaya ambao unavuma mno, sauti za wanaume hazieleweki, na fundi mmoja mahiri wa Kisii angewaletea mitego ya besi arobaini. Angekuja Jumapili kuwaeleza. Kemuma alimuuliza fundi huyo anaitwa nani, ingawa alishajua.

Jumapili alikwenda kanisani bila kualikwa, na kabrasha lake la grafu kwapani. Gibson alikuwa amesimama mbele ya watu kumi na wawili akipiga makofi, akiwaambia wasikilize. Alipomwona Kemuma akikaa mstari wa mbele, makofi yalipungua. Alipomaliza, Kemuma alisimama, akasema kwamba makofi ni sauti nyembamba na besi si sauti nyembamba, na kwamba mtu anayepima besi kwa makofi ni sawa na anayepima uzito wa gunia kwa kulitazama rangi. Watu walicheka, naye hakucheka. Akaeleza sponji nane, kalamu ya buluu na nyekundu. Sauti yake ilikuwa imepanda, alijua, lakini hakuishusha.

Nyangau, aliyekuwa kwenye kiti cha mwenyekiti, aliinua mkono kuituliza kamati. “Ndugu zangu, tumvumilie dada yangu. Ana hasira kidogo.”

“Nina hasira nyingi,” Kemuma akasema. “Lakini karatasi hii haina hasira. Isome.”

Hakuna aliyejua kuisoma, na Nyangau akaigeuza juu chini. Kwa hiyo Kemuma akawaambia watoke, waende chumbani kwake, ni mwendo wa dakika kumi. Walikwenda wote, Gibson nyuma kabisa, viatu vyake vyeupe vikichafuka kwa tope. Chumbani waliingia wanne wanne. Abner, aliyekuwa amekubali kuja huku akilalamika kama kawaida yake, alitoa fremu na mabunda ya sufi nje. Kemuma akacheza ile sauti nene, wakausikia mngurumo miguuni. Akachukua ghalani sponji alizokuwa amezikusanya kutoka kwenye nyasi, akazisimamisha kwenye kona, akacheza tena. Mngurumo ule ule. Akazitoa. Sufi na fremu zikarudishwa, kazi iliyochukua muda mrefu, watu wakangoja nje wakinywa uji. Walipoingia tena na sauti ikachezwa, hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mama mmoja wa kwaya alisema kwamba ni kama mtu ameondoa mkono masikioni mwake.

Gibson alipoulizwa, alisema hakuwa na nia mbaya. Aliyemuuzia yeye Nairobi ndiye aliyeziita mitego ya besi, karatasi ya kifurushi iliandikwa hivyo, na yeye alikuwa hajawahi kupima. Kemuma alimtazama akaona kwamba pengine ni kweli, na ukweli huo haukumpunguzia lolote. Angemwambia dukani kwamba hajui, angemsamehe siku hiyo hiyo.

“Hukujua kuhusu sponji,” akamwambia. “Na kuhusu masikio yangu, ulijua nini?”

Gibson aliinama akapangusa tope kwenye viatu vyake. Nyangau akaanza kukohoa. Kisha Kemuma, kwa kuwa alikuwa mwalimu na hakupenda kusema uongo hata juu ya adui, aliiambia kamati kwamba sponji hizo si takataka. Kwa mwangwi wa makofi na wa maneno ya mhubiri zinasaidia. Wanunue chache kwa kazi hiyo. Kwa besi, wamwite Abner. Kamati iliafiki. Gibson alilipa gharama ya plasta, na akarudishiwa sponji nane zile, vipande vya ukuta bado vimezigandamia. Nyangau hakuomba radhi kwa maneno, ila alikuja Jumatatu yake na jembe, akapalilia migomba ya dada yake siku nzima bila kuombwa. Kemuma alimwacha apalilie.

Ilikuwa Jumanne alipokaa kitini, mita moja kutoka ukutani, akaweka tena wimbo wa mzee Ogari. Alitaka kusikia tu, bila daftari.

Uzi mnene haukuwa unanguruma mfululizo. Ogari aliupiga, kisha akauzima kwa kiganja. Akaupiga, akauzima. Kati ya pigo na pigo palikuwa na kimya cha mapigo matatu, na ndani ya kimya hicho zile nyuzi nyembamba zilijibizana, wazi kabisa, kama watu wanaopishana mlangoni. Wimbo ule wote ulisimama juu ya kimya hicho. Chumba ndicho kilichokuwa kimekijaza, naye akakiandika daftarini kama sauti. Alivuta daftari la kwanza akafunua. Pigo refu, mfululizo. La pili, hivyo hivyo. Madaftari kumi na moja.

Na kulikuwa na Mokeira. Mokeira, mjukuu wa Ogari, alikuwa na miaka ishirini na mitano, mpima uzito katika kituo cha kununulia majani chai, na alikuwa amejitengenezea obokano kwa mikono yake ingawa wajomba zake walisema si kazi ya mwanamke. Mwaka mzima alikuwa akijifunza nyimbo za babu yake kwa kurasa alizotumiwa na Kemuma pamoja na rekodi alizosikiliza kwenye simu. Kemuma alimpigia, akamweleza kosa lote bila kujitetea, chumba, ukuta, kurasa.

Mokeira alimsikiliza mpaka mwisho.

“Mwalimu,” Mokeira akasema, “niliwahi kukuambia. Mwezi wa tatu. Nilisema kwenye simu yangu nasikia kama babu anaacha nafasi.”

Kemuma akakumbuka. Simu yenyewe haikuweza kutoa besi, kwa hiyo haikuweza kuivuruga pia. Ilimpa Mokeira lile pengo lilivyo. Naye alikuwa amemjibu nini? Kwamba simu si kifaa cha kuaminiwa. Kwamba masikio yake bado hayajakomaa, asikilize tena vizuri. Alimjibu kwa upole, jinsi mtu mwenye ujuzi anavyomjibu asiye nao.

“Nikasikiliza tena,” Mokeira akaendelea. “Nikadhani tatizo ni mimi. Nikauacha uzi ulie.”

Kemuma alikaa na simu sikioni, na hasira yote aliyoitembeza miezi mitatu, kutoka Sironga hadi Kisii na Keroka na Kebirigo, ikakosa pa kwenda ila kwake. Alimwomba Mokeira msamaha, kwa maneno, waziwazi, akalitaja kosa kwa jina lake. Mokeira alisema hakuna neno, Mwalimu, lakini sauti yake ilionyesha kwamba lilikuwepo, na Kemuma hakumlazimisha kulikana.

Wanafanya kazi pamoja sasa, Jumapili mchana, baada ya Mokeira kufua na kupumzika. Kemuma hucheza rekodi, Mokeira husema anachosikia kwanza, na Kemuma haandiki mpaka msichana amemaliza kusema. Wako kwenye daftari la tatu. Mara nyingine wanabishana vikali kuhusu pigo moja nusu saa nzima, na Mokeira, aliyekuwa hainui sauti mbele ya mwalimu wake, siku hizi huinua.